Uzi: Matt Baker, fundi wa brashi ambaye wasomaji wake hawakujua kuwa ni mtu mweusi

Mkaa na Karatasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mchoraji ambaye kurasa zake ziko mezani kwangu kila usiku nikimaliza kazi za wateja. Anaitwa Clarence Matthew Baker, lakini kwenye fani anajulikana kama Matt Baker. Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1921 huko Forsyth, North Carolina, Marekani, akafariki tarehe 11 Agosti 1959 akiwa na miaka 37. Maisha yake yote ya kazi hayazidi miaka kumi na mitano. Humu jukwaani tumeshawajadili sana wachoraji wa magazeti ya katuni ya Marekani, ila huyu sijaona akitajwa hata mara moja, na inaniuma, kwa sababu kwa upande wa kuchora binadamu anayesimama, anayegeuka, anayeshika kikombe, sijaona wengi wa kumfikia.

Nianze na alikotoka. Familia yake ilihama kusini ikaenda Pittsburgh, kama zilivyofanya familia nyingi za watu weusi enzi hizo, zikikimbilia viwanda vya kaskazini na kuukimbia ubaguzi wa kusini. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ikamwachia moyo mbovu. Moyo huo ndio uliomfanya asichukuliwe jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na moyo huohuo ndio uliokuja kumuua. Alipita Washington, D.C., kisha akaenda New York na kusoma sanaa Cooper Union, chuo ambacho wakati ule hakikutoza ada. Kwa kijana mweusi asiye na mali, mlango wa namna hiyo haukuwa jambo dogo.

Mwaka 1944 hivi akaingia kwenye karakana ya kuchora katuni ya Jerry Iger. Iger alikuja kusimulia kwamba kijana alifika amevaa vizuri, anatafuta kazi, na sampuli aliyobeba ilikuwa moja tu: mchoro wa rangi wa msichana mrembo. Ruth Roche, mhariri na mshirika wa Iger, akautazama, akakubali. Akaanzia chini, kuchora mandhari ya nyuma. Kazi ya kwanza inayojulikana kwa uhakika iko katika Jumbo Comics namba 69 ya Novemba 1944, hadithi ya Sheena, shujaa wa kike wa porini. Mchoraji mkuu alikuwa mwingine, Baker akapewa kuchora wanawake. Yaani ndani ya muda mfupi walishaona mkono wake una nini.

Narudi na sehemu ya pili, namalizia kazi ya mtu.

Mtoto wa Pangani

Mkuu, weka kiti nimekaa. Swali dogo: karakana ilifanyaje kazi? Maana mimi nilidhani gazeti moja lina mchoraji mmoja.

Mkaa na Karatasi

Swali zuri, na bila hilo huwezi kumwelewa Baker.

Wachapishaji wengi hawakuwa na wachoraji wao. Walinunua kurasa zikiwa tayari kutoka kwenye karakana kama ya Iger. Ndani ya karakana kazi iligawanywa: mmoja anachora kwa penseli, mwingine anapitisha wino kwa brashi, mwingine anaandika maneno kwenye viputo, mandhari anapiga mwingine. Malipo ni kwa ukurasa. Ukishalipwa umemaliza: mchoro si wako, mhusika si wako, gazeti likiuzwa laki au milioni haikuhusu. Kurasa zenyewe hazikurudishwa, na nyingi zilitupwa.

Kitu kingine, kazi hii ilidharauliwa. Kampuni za matangazo na majarida makubwa yaliyolipa vizuri yalikuwa na milango migumu, hivyo waliojazana kwenye katuni ni wale waliofungiwa kwingine. Watoto wa Kiyahudi wa New York, watoto wa wahamiaji wa Kiitalia, na vita ilipowachukua wanaume, wanawake pia. Lily Renée aliyetoroka Vienna kuwakimbia Wanazi alichorea Fiction House, wachapishaji wa Jumbo Comics, miaka hiyohiyo. Baker akapita kwenye ufa huohuo.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Fiction House waliuza sana hadithi za porini. Sheena ni mzungu, kavaa ngozi ya chui, anatawala pori la "Afrika" ambayo haina nchi wala lugha, na wenyeji wamechorwa midomo mikubwa, macho yamewatoka, ama wanakimbia ama wanapiga magoti. Kazi hizo ndizo zilizokuwepo. Baker alizichora, kwa sababu ndizo zilizolipa kodi ya nyumba.

Halafu mwaka 1945 kikatokea kitu. Katika Crown Comics namba 3 alichora Voodah, shujaa wa porini ambaye ni mweusi. Hakubeba mizigo ya mzungu wala hakuwekwa pale achekwe: yeye mwenyewe ndiye shujaa, amesimama kifua wazi, uso wake ni uso wa mtu. Wanahistoria wengi wa katuni wanamtaja kama shujaa mweusi wa kwanza katika magazeti ya katuni ya Marekani. Na mjue kilichompata: majaladani akapakwa rangi ya mzungu, na baadaye hata ndani ya kurasa akageuzwa kuwa mzungu. Mwili uleule, pozi lilelile, wino uleule, kilichobadilishwa ni rangi ya ngozi tu, na rangi haikuwa kazi ya mchoraji. Nikiufikiria mchana ule Baker anaufungua mzigo wa magazeti mapya na kumwona Voodah wake, kalamu inanishinda kushika.

Mama Zuhura

Kaka, asante kwa uzi huu. Niko Nairobi, nimesoma kimya muda mrefu lakini hapa lazima niandike.

Baba yangu alikuwa akinunua Taifa Leo, na kabla ya habari yoyote tulikuwa tunakimbilia katuni ya Juha Kalulu. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba kuna mtu anaitwa Edward Gitau aliyekuwa akimchora tangu miaka ya 1950. Juha tulimjua kama mtu wa nyumbani, aliyemchora hatukumjua. Kwa hiyo nakuuliza: wasomaji wa Baker walimjua? Aliandika jina lake?

Mkaa na Karatasi

Dada Mama Zuhura, umegusa penyewe. Huku kwetu ni hivyohivyo. Muulize mtu wa rika langu kuhusu Kipepe au Lodi Lofa wa gazeti la Sani, atakusimulia mpaka usiku. Muulize ni mkono wa nani, kimya. Christian Gregory, mchoraji wa katuni ya Chakubanga, angalau wasomaji wazee wa gazeti la Uhuru wanamtaja.

Baker mara nyingi hakuwa na jina kabisa. Mfano mkubwa ni Phantom Lady. Mhusika huyu alianza 1941 kwa mchapishaji mwingine na mchoraji mwingine. Mwaka 1947 karakana ya Iger ikampeleka kwa mchapishaji Victor Fox, na Baker akamsuka upya. Ni Sandra Knight, binti wa seneta, usiku anavaa nguo fupi za buluu na joho jekundu, anawawinda wahalifu kwa taa inayotoa giza badala ya mwanga. Fungua hadithi zile utakuta jina la mtunzi: Gregory Page. Hakuna mtu anayeitwa Gregory Page. Ni jina la karakana, kibandiko tu cha kufunika mikono yote iliyofanya kazi. Kwa hiyo msomaji wa Alabama au Ohio alilipa senti 10, akapenda, akarudi mwezi unaofuata, bila kujua kwamba aliyemchorea ni mtu ambaye katika miji mingine asingeruhusiwa kukaa naye meza moja.

Mimi yamenipata, kwa kiwango changu kidogo. Miaka michache nyuma nilichora kijitabu cha hadithi za watoto, picha ishirini na nne, kwa mchapishaji mmoja hapa mjini. Nilipokiona dukani, jina la mwandishi lipo, la mhariri lipo, la mpiga chapa lipo. Langu halipo. Nilipouliza nikaambiwa nafasi haikutosha. Nilikaa wiki mbili bila kushika penseli. Ndiyo maana nikiona "Gregory Page" naona zaidi ya herufi.

Mwalimu wa Sanaa

Mwanzisha uzi, nakuheshimu na uzi wako una mambo. Ila niseme la moyoni. Nimefundisha kuchora sekondari zaidi ya miaka ishirini. Nimezitafuta hizo Phantom Lady baada ya kusoma ulichoandika. Nguo hakuna, wengine wamefungwa kamba. Hilo ndilo la kumsifia mtu? Ningesita kumwonyesha mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Mkaa na Karatasi

Mwalimu, shikamoo, na nashukuru umesema wazi.

Hoja yako ni ya zamani kuliko sisi sote. Jalada la Phantom Lady namba 17, Aprili 1948, ndilo mfano maarufu. Amefungwa kamba kwenye nguzo, joho jekundu nyuma, kifua mbele. Daktari wa akili Fredric Wertham alilichapisha jalada hilo ndani ya kitabu chake cha 1954 kuonyesha jinsi katuni zinavyoharibu watoto. Mwezi Aprili mwaka huohuo kamati ya Seneti ikakaa New York kuwahoji wachapishaji. Vuli ile wachapishaji wakajiwekea kanuni na mhuri wa ukaguzi. Kanuni mojawapo ilitaka wanawake wachorwe kwa uhalisia bila kutiliwa chumvi maumbile yao.

Mimi sikubishii kwamba zile nguo ziliwekwa kuuza gazeti. Victor Fox alitaka mauzo, na Iger alimpa alichotaka. Namba 17 nisingempa mtoto wangu pia. Lakini naomba uangalie kitu kimoja, ukiwa mwalimu wa kuchora. Linganisha na wachoraji wengine wa aina ile enzi zile. Wengi wao walichora kiwiliwili kisha wakabandika kichwa cha mwanasesere juu. Wanawake wa Baker wana uzito. Mguu uliobeba mwili unaonekana umebeba, nyonga imeshuka upande wa pili, bega limejibu. Macho yanatazama kitu, yana nia. Sandra Knight anapiga ngumi kwa kuanzia kwenye kisigino. Ukimwondolea joho na kumvisha dera, bado ni mtu anayetembea. Hilo halipatikani kwa kutaka kumtamanisha msomaji tu, linapatikana kwa kukaa na mwili wa binadamu muda mrefu ukiuheshimu.

Mwalimu wa Sanaa

Marahaba mwanangu. La uzito nimelikubali, nimerudi kuangalia na ni kweli. La kamba sijalikubali.

Mkaa na Karatasi

Na sikulaumu, mwalimu. Sasa nikupeleke kwenye Baker ninayempenda zaidi, ambaye hata kidato cha pili wangeweza kumnakili.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 akahamia kwa mchapishaji Archer St. John, ambako akawa mchoraji wao mkuu. Magazeti ya mapenzi ndiyo yaliyokuwa yanauzwa: Teen-Age Romances, Pictorial Romances, Diary Secrets. Hadithi zenyewe nyingi ni nyepesi, msichana kapotoka, kalia, karudi. Sitakaa hapo. Nakaa kwenye majalada.

Mpangilio anaoupenda ni watu watatu. Wawili wako mbele, wa tatu yuko nyuma mlangoni au dirishani, anaona. Wengine wangekuwekea machozi na kiputo kikubwa. Baker anaweka mkono. Huu ndio ukurasa nilionao mezani: mwanamke amemshika mwanamume bega, lakini vidole viwili tu ndivyo vimekaa, vitatu viko hewani. Ukitazama unajua hajaamua. Mkunjo wa koti pale kwenye kiwiko umepigwa mipigo mitatu ya brashi, wa kwanza mnene, wa pili unaisha kama mkia wa mjusi, wa tatu ni kivuli. Basi. Kitambaa kimepata uzito, mkono umepata mfupa. Nimejaribu kuupiga mpigo ule wa pili, ile namna brashi inavyoinuka taratibu huku mkono ukiendelea kwenda, nafikiri mara mia. Ukisita wino unavimba. Ukiharakisha unakatika.

Na nguo! Aliwavisha watu wake kama mtu anayejua bei ya kitambaa. Waliomfahamu wanamkumbuka mwenyewe akiwa mtu wa suti nzuri. Naona uhusiano hapo.

Mwaka 1950 St. John wakatoa It Rhymes with Lust. Watunzi ni Arnold Drake na Leslie Waller, wamejificha chini ya jina moja la Drake Waller. Penseli ni Baker, wino Ray Osrin. Ni hadithi moja ndefu ya picha, kurasa zaidi ya mia, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kitabu cha mfukoni, senti 25. Mwanamke anayeitwa Rust Masson anaushika mji wa migodi mkononi, mwandishi wa habari anarudi na kunaswa kati yake na binti wa kambo. Hakuna shujaa mwenye joho. Ni siasa, rushwa na tamaa, kwa watu wazima. Kitabu kama hicho leo tungekiita riwaya ya picha, na wengi wanakihesabu miongoni mwa vya kwanza kabisa Marekani. Wakati ule hakikuuza vya kutosha, wazo likaachwa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Dark Horse wakakichapisha upya.

Mtoto wa Pangani

Mkuu, hapo kwenye rangi ya Voodah umenikumbusha jambo. Kuna hadithi ya kampuni ya katuni ya EC, "Judgment Day", mwanaanga anavua kofia mwishoni na ni mtu mweusi. Mwaka 1956 walipotaka kuirudia, mkaguzi wa ile kanuni mpya aliwaambia wabadilishe rangi yake. Mhariri Al Feldstein na mchapishaji Bill Gaines wakakataa, ikatoka ilivyo.

Mkaa na Karatasi

Naam, umeleta kitu kizito. Na Feldstein huyohuyo alianza ujana wake kwenye karakana ya Iger. Ongeza na hii: mwaka 1947 mwandishi wa habari mweusi wa Philadelphia, Orrin Evans, alitoa All-Negro Comics, waandishi na wachoraji wote weusi. Toleo moja tu. Alipotaka kuchapa la pili, hakupata wa kumuuzia karatasi. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Ukijitangaza, karatasi huuziwi. Ukiingia kwenye karakana ya mtu mwingine, unafanya kazi chini ya jina la Gregory Page. Baker alichukua ya pili. Nimesoma watu wakimhukumu kwa hilo wakiwa wamekaa kwenye viti vyao mwaka huu wetu, na mimi siwezi kuungana nao.

Baada ya 1954 mambo yakaharibika haraka. Magazeti mengi yalikufa. Archer St. John alifariki 1955. Baker akaanza kuhangaika huku na huku: gazeti la Lassie kwa kampuni ya Dell, hadithi za mapenzi na za kauboi kwa Atlas, ambayo ndiyo ilikuja kuwa Marvel, nyingine akizipitisha kwa Vince Colletta aliyeweka wino. Ukiziangalia hizo za mwisho, mistari imepungua. Mandhari hamna, uso tu na bega. Wengine wanasema alichoka. Moyo wake ulikuwa unachoka kweli. Tarehe 11 Agosti 1959 ukasimama. Hadithi yake moja ilitoka kwenye My Own Romance la Januari 1960, yeye akiwa ameshazikwa.

Miaka hamsini baada ya kifo chake, 2009, akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya Tuzo za Eisner, tuzo kubwa za katuni Marekani. Will Eisner mwenyewe alikuwa mshirika wa Iger kabla Baker hajafika pale. Na lile jalada namba 17 lililoitwa uchafu, leo nakala moja iliyotunzwa vizuri inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Mama Zuhura

Kaka, nimesoma hadi mwisho na nimenyamaza dakika kadhaa. Nyumbani nina binti wa miaka kumi na sita, anachora kila karatasi anayoiona, hata risiti. Nitampatia wapi kurasa hizi? Na kile kijitabu chako, uliwahi kudai jina lako?

Mkaa na Karatasi

Dada, magazeti mengi ya Fox na St. John hakimiliki zake hazikuhuishwa, kwa hiyo yako huru, na watu wamezipiga picha kurasa nzima nzima na kuziweka mtandaoni bure. Mtafutie majalada ya mapenzi ya St. John ya mwaka 1949 hadi 1954. Aanze na mikono, aziache sura kwanza. Mpe brashi namba mbili na wino mweusi wa kawaida, si bolpeni. Kila mkono aunakili mara tano kwa ukubwa mara mbili ya uliopo.

Kijitabu kilichapwa mara ya pili mwaka jana. Nilikwenda ofisini kwao mara nne. Jina langu sasa liko ukurasa wa pili, chini, herufi ndogo. Nakala moja imekaa hapa mezani karibu na ule mkono wa vidole viwili. Usiku huu najaribu tena ule mkia wa mjusi.